Koili Uliyosuka Mwenyewe Inaleta Shida? Soma Dalili Kabla ya Kufumua

Koili ya redio ya zamani, yaani waya uliosukwa kuzunguka bomba ili redio ichague stesheni, ikigoma, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye ncha ya waya ili afumue. Zuia mkono huo. Idadi ya raundi ni kimoja tu kati ya vitu vinavyoamua redio ishike wapi, na mara nyingi ndicho kilicho sawa. Kasoro huwa kwenye kiungio, kwenye waya wa antena, kwenye bati lililo karibu, au kwenye kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) ambayo hukuipangia. Redio yenyewe inakuonyesha ni ipi kati ya hizo, mradi usikilize ncha zote mbili za mkanda, chini kwenye 500 na kitu na juu kwenye 1600 kHz, badala ya kung'ang'ania stesheni moja unayoipenda.

Kama redio ni ya valvu (taa za kioo za kukuzia mawimbi), chomoa plagi kwanza. Redio nyingi za valvu zisizo na transfoma ya umeme zina chasi iliyoungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, chasi nzima inakuwa na umeme. Hata ukishachomoa, kondensa kubwa za kuchujia hubaki na chaji ya volti mia na zaidi. Imalize kwa rezista ya kama 10 kΩ yenye uwezo wa wati kadhaa, kisha hakikisha kwa mita. Ndipo uguse koili.

Koili ya mfano

Ili tuzungumze kwa namba, tuchukue koili moja ya mawimbi ya kati. Bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5, waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.5, raundi 80 zilizobanana katika tabaka moja. Ukihesabu vanishi, waya una unene wa kama milimita 0.55, kwa hiyo koili ina urefu wa sentimita 4.4. Kanuni ambayo Harold Wheeler aliitoa mwaka 1928, ikigeuzwa kwenda sentimita, ni hii: zidisha nusu kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa raundi mara raundi, gawanya kwa jumla ya nusu kipenyo mara 22.9 na urefu mara 25.4. Jibu ni induktansi, yaani nguvu ya koili ya kupinga mabadiliko ya mkondo, nalo linakuja kwa mikrohenri. Hapa ni kama 237.

Iunge na kondensa ya kutafutia stesheni ya 365 pF (pikofaradi, kipimo cha kapasitansi). Ikifungwa yote, tukizihesabu 365 hizo peke yake, mnafika karibu 541 kHz. Ikifunguliwa yote, kondensa yenyewe, nyaya, valvu na koili vikibakisha jumla ya 40 pF hivi, mnafika karibu 1634 kHz. Mkanda mzima umeenea. Kila dalili tutakayoitazama ni njia fulani ya kukosa namba hizi mbili.

Kimya kabisa

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Weka mita kwenye ohm na upime koili ikiwa imetolewa kwenye saketi. Koili yetu ya mfano imekula waya wa karibu mita 12.6, na waya huo wa shaba una ukinzani wa kama ohm 1.1. Mita ikionyesha mkondo umekatika, au ikirukaruka ukitikisa ncha, tatizo ni vanishi. Aina fulani za vanishi za sasa huyeyuka kwa joto la kulehemu, zile za zamani haziyeyuki hata ukichoma mpaka bomba likunjike. Kwangua kwa wembe au msasa laini kuzunguka waya wote, si upande mmoja tu, kisha paka risasi waya ule peke yake uone imeshika pande zote kabla hujaupeleka kwenye kiungio.

Waya wa litzi, yaani ule wa nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa, unadanganya zaidi. Uzi mmoja ukishika, mita inasema koili ni nzima. Redio inashika lakini kwa unyonge, kwa sababu nyuzi ambazo hazijashika hazichangii chochote. Faida yote uliyolipia imepotea kwenye ncha.

Kwa koili za zamani zilizofunikwa kwa uzi wa pamba au hariri, tafuta vidoa vya kijani. Ni shaba iliyoliwa na unyevu. Ukiona kidoa kimoja kwenye waya mwembamba, usihangaike kuunga hapo tu; vingine viko chini yake ambavyo huvioni.

Stesheni zipo, ila si mahali pake

Hapa ndipo watu hufumua ovyo, na hapa ndipo pa kutulia.

Tafuta stesheni mbili ambazo masafa yake unayajua, moja ya chini na moja ya juu. Andika mshale wa kuonyeshea masafa ulipo kwa kila moja. Kisha gawanya masafa halisi kwa masafa yanayoonyeshwa na mshale. Kama jibu ni lile lile chini na juu, induktansi haiko sawa. Kama majibu yanatofautiana, huku upande wa juu ukiwa umepotea zaidi, shida ni kapasitansi iliyozidi, na kuongeza au kupunguza raundi hakutakuponya. Utarekebisha ncha moja na kuharibu nyingine.

Chukua induktansi kwanza. Tuseme mtu amesuka raundi 92 pale palipotakiwa 80. Kwa kanuni ile ile koili inapanda hadi kama mikrohenri 285, na masafa yanashuka kwa asilimia kama 9 kila mahali. Stesheni ya 1000 kHz ataikuta mshale ukiwa karibu na 1100, na ya 600 ataikuta karibu na 660. Uwiano ni mmoja. Hapo kweli ni raundi.

Ngapi za kutoa? Wengi wamekariri kwamba induktansi hupanda kwa raundi mara raundi, kwa hiyo asilimia 10 ya raundi ni asilimia 10 ya masafa. Hiyo ni kweli pale tu urefu wa koili usipobadilika. Kwenye koili ya tabaka moja iliyobanana, kila raundi unayoongeza inairefusha, na kurefuka kunapunguza nguvu ya zile zilizopo. Kwenye mfano wetu, raundi 12 za ziada, yaani asilimia 15, zilipandisha induktansi kwa asilimia 20 tu. Kwa hiyo ukitaka kusogeza masafa kwa asilimia 9, jiandae kugusa raundi kwa asilimia 15 hivi. Anayetoa moja moja akishangaa kwamba haisogei hajakosea kuhesabu, ila anategemea kanuni isiyo ya koili yake.

Kabla ya kutoa hata moja, jaribu kusogeza. Ukiachanisha raundi chache za mwisho kwa milimita moja mbili, induktansi inashuka. Hiyo ndiyo sababu mafundi wa zamani waliacha sehemu ya mwisho ya koili bila gundi hadi redio ipimwe. Ni tabia nzuri kuiga: suka tatu au nne zaidi ya hesabu, ziache huru, kisha uzitoe au kuzisogeza redio ikiwa inaimba.

Kama induktansi ni ndogo mno ingawa raundi umehesabu sawasawa, kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni bati. Koili iliyosimama sentimita moja kutoka kwenye chasi ya alumini, au iliyofunikwa kwa kopo linaloibana, hupoteza induktansi kwa sababu mikondo inayozaliwa kwenye bati inapingana na uga wa koili. Kopo la kukinga liwe na kipenyo cha angalau mara mbili ya koili, na ncha za koili zisikaribie mfuniko. Ukisuka na kupima mezani, kisha ukafungia ndani ya kopo, tegemea mshale uhame. Pima ikiwa ndani. Mshukiwa wa pili ni raundi iliyoshikana na jirani yake, nayo ina dalili nyingine tutakayoifikia.

Swali linaloulizwa sana: je, kusuka kwa kulia au kushoto kunabadilisha kitu? Kwa koili moja peke yake, hapana. Kunabadilisha pale tu koili mbili zinapotakiwa kusaidiana.

Chini sawa, juu haifiki

Redio inashika 540 vizuri, lakini mkanda unaisha 1300 na kitu na stesheni za juu hazipo. Hiyo ni kapasitansi iliyozidi, na hesabu yake inaeleza kwa nini inaumiza juu zaidi. Ongeza 25 pF kwenye mfano wetu. Chini, 365 inakuwa 390, masafa yanashuka kutoka 541 hadi 524 tu. Juu, 40 inakuwa 65, na masafa yanaporomoka kutoka 1634 hadi 1282. Pikofaradi zile zile, madhara tofauti kabisa.

Zimetoka wapi? Anza na trima, kondensa ndogo ya kurekebishia iliyo ubavuni mwa ile kubwa. Huenda imekazwa hadi mwisho, na kuilegeza kunamaliza kazi. Kisha tazama nyaya. Waya uliokingwa kutoka kwenye koili hadi gridi ya valvu (mguu unaopokea mawimbi) unaweza kula makumi ya pikofaradi kwa urefu mdogo tu. Weka waya mtupu mfupi. Antena ndefu iliyoungwa moja kwa moja juu ya koili nayo inaleta kapasitansi yake yote. Mwishowe, koili yenyewe. Ukisuka tabaka la kwanza kwenda na la pili kurudi, raundi ya kwanza na ya mwisho zinalala moja juu ya nyingine, na kati yao kuna volti yote ya koili. Kapasitansi ya ndani inapanda vibaya. Tabaka moja halina shida hiyo. Kama nafasi ni ndogo na lazima raundi zirundikane, zigawe katika vifungu vitatu au vinne vyembamba vilivyoachana, au zisukwe kwa kupishana kama mkeka ili waya zisilale sambamba. Na usimwage vanishi nyingi juu ya koili ili ionekane nzuri. Vanishi ikijaa kati ya raundi, kapasitansi inaongezeka na hasara pia.

Ukitaka namba badala ya kukisia, kuna njia ya zamani isiyohitaji kifaa ghali. Tafuta kapasitansi ya nje inayoifanya koili ilie, yaani iitike kwa nguvu zaidi, kwenye masafa fulani, kisha ile inayoifanya ilie kwenye masafa mara mbili yake. Toa mara nne ya ile ndogo kutoka kwenye ile kubwa, gawanya kwa tatu. Kwa mfano 300 pF kwa 600 kHz na 66 pF kwa 1200 kHz: 300 kutoa 264 ni 36, gawanya kwa tatu, koili ina 12 pF zake yenyewe. Hiyo ni sawa kabisa. Ukipata 40 au 50, hapo fumua bila majuto.

Stesheni zinapandana, au sauti ni hafifu

Ukali wa koili, yaani uwezo wake wa kuchagua stesheni moja na kuziacha jirani zake, hupimwa kwa namba iitwayo Q. Gawanya masafa kwa Q upate upana wa dirisha linaloshikwa: kwenye 1000 kHz, Q ya 100 inakupa dirisha la 10 kHz, Q ya 30 inakupa zaidi ya 33. Stesheni za mawimbi ya kati zinaachana kwa 9 au 10 kHz, kwa hiyo unaona kwa nini moja yenye nguvu inafunika majirani zake.

Lakini Q ya koili peke yake na Q ya koili ikiwa kazini ni vitu viwili. Zitenganishe kwa jaribio dogo: toa waya wa antena kwenye koili, uulaze tu kando kwa umbali wa sentimita chache. Sauti itapungua. Kama stesheni sasa zimeachana vizuri, koili ni nzima na antena ndiyo iliyokuwa inaizamisha. Dawa ni kusuka koili ndogo ya antena, raundi 10 hadi 15, upande ule wa koili kubwa unaoenda ardhini, ukiacha nafasi kidogo. Au kuweka kondensa ya 50 hadi 100 pF kati ya antena na koili. Kwa redio ya kristali, ile isiyo na valvu wala betri, dayodi (kifaa kinachotoa sauti kwenye mawimbi) nayo ni mzigo mzito. Usiiunge juu kabisa ya koili. Toa tawi, yaani waya unaochomoza katikati ya koili, kwenye theluthi ya raundi kutoka ardhini na ulinganishe. Utapoteza sauti kidogo, utapata stesheni nyingi.

Kama stesheni bado ni pana hata antena ikiwa mbali, sasa ishuku koili. Raundi iliyoshikana na nyingine ndiyo kasoro mbaya zaidi na mita ya ohm haiioni: raundi moja kati ya 80 ni ohm 0.014, namba ambayo mita ya kawaida haiwezi kuitofautisha. Dalili zake huja pamoja, stesheni zimesogea kama induktansi imepungua na zimekuwa pana, zote mbili kwa mpigo. Mahali pa kutazama kwanza ni pale ulipotoa tawi, kwa sababu hapo ulikwangua vanishi na huenda ukagusa jirani. Inua waya wa tawi juu ya wenzake, weka kipande cha karatasi chini.

Halafu bomba. Karatasi ngumu hunywa unyevu; ikaushe kwa joto la taratibu na uipake nta kabla ya kusuka. Plastiki nazo hazilingani. Polistirini na polithini ni nzuri, PVC ni ya wastani na inazidi kuwa mbaya masafa yakipanda, na plastiki nyeusi huwa na kaboni ndani yake wakati mwingine. Kipande cha bomba ukikiweka ndani ya maikrowevu kwa dakika moja pamoja na glasi ya maji, kisha kikatoka na joto lake chenyewe, usisukie juu yake.

Mrejesho unagoma

Redio za mrejesho, zile ambazo Edwin Armstrong alipata hataza yake mwaka 1914, zina koili ya pili inayorudisha sehemu ya nguvu kutoka anodi (mguu wa valvu unaotoa mawimbi yaliyokuzwa) kwenda gridi. Ukizungusha kitasa cha mrejesho na sauti ikapungua badala ya kuongezeka, nguvu inarudi kinyume. Badilisha ncha mbili za koili ya mrejesho, basi. Ukitaka kupata sawa mara ya kwanza: suka koili zote mbili kuelekea upande mmoja kwenye bomba moja, moja baada ya nyingine. Ncha ya nje ya koili kubwa iende gridi, ncha ya nje ya koili ndogo iende anodi, na ncha mbili za ndani zinazotazamana ziende, ya kubwa ardhini, ya ndogo kwenye umeme wa volti za juu.

Kama hakuna kinachobadilika hata ukigeuza ncha, ama raundi ni chache ama koili ziko mbali mno. Kwa mawimbi ya kati, robo ya raundi za koili kubwa ni mahali pazuri pa kuanzia, yaani kama 20 kwa mfano wetu. Usiongeze hadi 40 ili uwe na uhakika. Mrejesho uliozidi huingia kwa kishindo, redio inapiga mluzi ghafla na haitulii mpaka urudishe kitasa nyuma sana, na uzuri wote wa redio hizi uko kwenye ule mpaka mwembamba kabla ya mluzi. Zaidi ya hapo redio inageuka kuwa kisambazaji na majirani watausikia huo mluzi kwenye redio zao. Ukiona mrejesho unashika juu ya mkanda lakini unakufa chini, ongeza raundi mbili tatu, au sogeza koili ndogo karibu. Kama unakufa mahali pamoja tu katikati ya mkanda, antena yako inalia kwenye masafa hayo na kunyonya nguvu. Punguza muungano wake, usiguse mrejesho.

Fimbo ya feraiti na koili ya osileta

Kwenye fimbo ya feraiti, ule mti mweusi wa kauri yenye chuma ambao koili husukwa juu yake, usihesabu raundi sana. Telezesha koili: katikati induktansi ni kubwa zaidi, kuelekea ncha inapungua. Isuke juu ya karatasi inayoteleza, na ukishapata mahali pake, nta tone moja. Fimbo iliyovunjika na kugundishwa haitarudia namba zake za awali, kwa hiyo raundi za kiwandani hazifai tena kama kipimo.

Superheti, redio inayogeuza kila stesheni kuwa masafa mamoja ya ndani kwa kutumia osileta (saketi inayozalisha mawimbi yake yenyewe), ina mtego wake. Osileta hukaa juu ya stesheni kwa masafa ya kati ya redio hiyo, mara nyingi 455 kHz, ingawa redio nyingi za Uingereza zilitumia 465 au 470. Kwa hiyo koili yake ina raundi chache kuliko ya antena. Ukisuka zote sawa, stesheni zinakuja mahali pa ajabu na redio ni hafifu kila pahali. Rekebisha chini kwa kiini (kipande kinachozungushwa ndani ya koili) au peda (kondensa ya kurekebishia ncha ya chini) kwenye 600 kHz, juu kwa trima kwenye 1400 kHz, rudia mara mbili tatu kwa kuwa kila moja inamvuruga mwenzake. Tumia bisibisi ya plastiki. Ya chuma inabadilisha induktansi wakati unapima, na ukiitoa mshale unahama.

Mshale unahama wenyewe

Stesheni ikipotea polepole redio inapopata moto, waya umelegea. Kabla ya kusuka, funga ncha moja ya waya mahali imara na uuvute hadi uhisi umelegea kidogo mkononi, hautakunjamana tena. Pitisha kila ncha kwenye matundu mawili ya bomba ili ijibane. Matone machache ya nta au vanishi kwenye mistari mitatu yanatosha.

Kama masafa yanahama unaposogeza mkono, tazama kondensa ya kutafutia stesheni. Sahani zinazozunguka, zile zilizoshikana na kitasa, lazima ziwe upande wa ardhi pamoja na ncha ya chini ya koili. Zikiungwa upande wa gridi, mkono wako unakuwa sehemu ya saketi. Kwenye mawimbi mafupi hata hilo halitoshi: weka bati lililoungwa na ardhi nyuma ya paneli, na mhimili mrefu wa plastiki kati ya kitasa na kondensa.